Vipimo, busara ya ofisa au ramani ya mfano: tuchague ipi kwa apatimenti za Mbeya na Iringa?

Halmashauri ikikaa kuandika masharti ya nyumba za familia nyingi, njia zilizo mezani ni tatu. Ya kwanza ni namba: mita ngapi kutoka mpakani, kimo kisizidi wapi, dirisha lisipungue ukubwa gani. Anayetimiza anapewa kibali, basi. Ya pili ni maneno, kwa mfano jengo "liendane na mazingira yake", kisha ofisa au kamati inaamua kila ombi linapofika. Ya tatu ni halmashauri kuchoresha ramani zake, kuzipitisha mara moja, na kumwambia mwenye kiwanja achague moja.

Nachora ramani na kuzisindikiza maofisini huku Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo nina upande. Upande wangu ni wa namba. Lakini si namba zozote, na si kila mtaa.

Swali lenyewe haliwezi kusubiri. Sensa ya 2022 ililikuta Jiji la Mbeya na watu 541,603 na Manispaa ya Iringa na watu 202,490. Wanafunzi wanatafuta vyumba Iyunga na Kihesa, wafanyakazi wanataka kukaa karibu na mjini, na mwenye nyumba ya zamani ya vyumba sita amebaki na hesabu moja: abomoe apandishe. Ninaposema nyumba ya familia nyingi namaanisha vyote, vile vyumba vya mstari vinavyozunguka ua mmoja na ghorofa ya apatimenti nane zenye choo ndani. Zamani jirani alijenga kitu cha kimo chako, mkagombania uzio tu. Sasa anajenga kitu cha mita 12, na ugomvi umehamia kwenye jua, maji ya paa na dirisha linalotazama choo chako.

Tuanze na busara ya ofisa, maana ndiyo tunayoishi nayo hata pale ambapo vitabu vina namba. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ipo, kanuni za viwango vya nafasi za 2018 zipo, lakini ni za nchi nzima. Kati ya kanuni hizo na ukuta wa jirani yako kuna pengo kubwa, na pengo hilo linajazwa na maoni ya mtu aliye mezani siku hiyo. Ramani yangu moja iliwahi kurudishwa, na ofisi ambayo sitaitaja, ikiwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Mwonekano hauridhishi." Mteja akaniuliza tubadilishe nini. Sikuwa na jibu, na ofisa naye hakuwa nalo; alisema tulete nyingine aitazame. Tukaongeza nguzo mbili za urembo mbele na kubadilisha rangi ya bati, ikapita. Nguzo zile hazibebi kitu mpaka leo.

Wanaopenda namba husimulia visa vya namna hiyo halafu wanafunga mjadala, na hapo hawatendi haki. Ofisa mzuri anayefika kiwanjani anaona vitu ambavyo karatasi haivioni: korongo linalojaa mwezi wa tatu, mwamba uliojificha nusu mita chini, njia ya miguu ambayo watoto wa shule wamepita tangu mtaa haujapimwa. Kwenye mitaa yenye majengo ya zamani, kama Uhindini hapa Mbeya au kule Iringa kuzunguka Boma la Wajerumani na Soko Kuu, sijui namba gani ingeweza kusema paa jipya likae vipi kando ya la zamani. Hapo nataka jicho la mtu aliyesoma, na nataka aandike sababu zake.

Shida ya njia hii ni kwamba haitabiriki. Mwenye kiwanja hawezi kujua kabla ya kulipia ramani kama itapita, na jirani hawezi kujua kama pingamizi lake lina mguu wa kusimama. Kukiwa na giza la aina hiyo, mwenye kujuana anatembea haraka kuliko wengine. Sina haja ya kueleza zaidi. Kila msomaji aliyewahi kufuatilia kibali anajua "njoo kesho" inamaanisha nini.

Jimbo la California nchini Marekani limeikabili shida hiyo kwa sheria, na mfano wake unafaa kutazamwa kwa macho mawili. Tangu 1982 lina sheria inayobana miji isikatae hovyo miradi ya nyumba. Miji mingi ilikuwa ikikataa apatimenti kwa sentensi laini tu: hazifanani na mtaa, zinaharibu sura. Sheria za 2017 na 2019 zikakaza kamba. Mradi unaotimiza masharti hauwezi kukataliwa wala kupunguziwa idadi ya nyumba kwa kigezo kisichopimika, na ile ya 2019 ikaweka kikomo cha vikao vitano vya kusikiliza maoni kwa mradi mmoja. Kigezo kinachopimika kwao ni kile kisichohitaji maoni binafsi ya ofisa, na ambacho mwombaji na ofisa wote wanaweza kukihakiki kwa kipimo kilekile, kilichojulikana kabla ombi halijapelekwa. Mimi hulieleza hivi kwa mafundi: ofisa, mwenye nyumba na jirani washike futi kila mmoja kwa zamu yake, wote watatu wasome namba moja.

Jicho la pili: namba nazo zinaweza kuwa ukuta. Miji ambayo haikuzitaka apatimenti ilijifunza kujificha nyuma ya vipimo, maegesho mengi mno, kimo kifupi mno, makabrasha ya masharti ya urembo yanayopimika vizuri kabisa na kumtoa jasho mjenzi. Kwa hiyo namba ikishaandikwa, bado kuna swali la pili: inamlinda nani?

Maegesho ndiyo mfano wangu wa haraka. Gari moja linahitaji mita 2.5 kwa 5 za kusimama. Ukiongeza nafasi ya kugeuzia, ni karibu mita za mraba 25. Ukidai gari moja kwa kila apatimenti, apatimenti nane zinakula mita za mraba 200, theluthi ya kiwanja cha mita 600. Wapangaji wa Ilomba au Mtwivila wengi wanapanda daladala, bajaji na bodaboda. Kigezo hicho kitapimika bila ubishi, na kitakachotokea ni uwanja wa saruji usio na gari na kodi ya juu. Ningeandika nafasi mbili za wageni na sehemu ya pikipiki iliyoezekwa, nikaendelea na mengine.

Jambo linalonikalisha mezani usiku ni jua.

Ramani nyingi tunazochora huku zina damu ya Pwani. Dar es Salaam mtu analikimbia jua. Anataka kibaraza kipana, upepo upite, kivuli kitawale. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu 1,600, na asubuhi za Juni na Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Hapa jua linatafutwa. Na sisi tuko kusini mwa ikweta, nyuzi karibu 9 kwa Mbeya na karibu 8 kwa Iringa, kwa hiyo katika miezi ya baridi jua la mchana linakaa upande wa kaskazini. Mwishoni mwa Juni, linapofika juu kabisa, saa saba kasoro robo hivi kwa saa zetu, linasimama nyuzi kama 58 kutoka upeo wa macho. Jengo la mita 12 linatupa kivuli cha mita 7 na nusu kuelekea kusini, na hapo ndipo kivuli ni kifupi kuliko saa nyingine zote za siku hiyo.

Sasa chukua majengo mawili yaliyoachana mita 3, kila mmoja ameacha moja na nusu, jambo la kawaida mno. La kaskazini lina mita 12. Kivuli chake saa hiyo kinapanda ukuta wa jirani wa kusini hadi mita 7 na kidogo. Ukihesabu mita 3 kwa kila sakafu, chini na ghorofa ya kwanza hazioni jua kabisa, na ya pili inalipata nusu. Ukuta unakaa na unyevu, rangi inavimba, vyumba vinanuka ukungu hadi Septemba. Mpangaji anaambiwa hafungui madirisha.

Weka vigezo viwili ubavu kwa ubavu uone. Kwa maneno: "Jengo lisizuie mwanga wa jirani isivyo lazima." Kwa namba: "Jengo liache, kwenye mpaka wake wa kusini, nafasi isiyopungua theluthi moja ya kimo chake, na kila jengo liache mita 3 kwenye mpaka wake wa kaskazini." Kwa cha kwanza, ofisa mpole atapitisha mita moja na nusu na mkali atadai sita, na wote watakuwa sahihi. Kwa cha pili, mwenye mita 12 anaacha 4, jirani ana 3 zake, jumla 7, na kivuli cha mchana wa Juni kinaishia chini kidogo ya mita moja ukutani, chini ya kizingiti cha dirisha. Hakuna aliyeombwa kuwa na huruma. Mwenye kiwanja kidogo atasema nimemnyang'anya ardhi. Kweli, nimempunguzia, ila anaweza kuchagua: ashushe kimo arudishe ardhi, au asogee mbele kuelekea barabarani kama upande huo unaruhusu.

Halafu uje mteremko, unaovuruga hesabu hiyo yote.

Mji wa Mbeya umelala kusini mwa mlima Loleza, kwa hiyo mitaa iliyo miguuni pake inashuka kuelekea kusini. Jirani wa juu yako ndiye pia jirani wa kaskazini. Kama ardhi yake iko mita 2 juu ya yako, kivuli chake kinapanda ukutani kwako mita 2 zaidi. Kigezo cha kimo kisichosema kinapimwa kutoka wapi ni namba inayodanganya. Kiwanja cha urefu wa mita 30 kinachoshuka mita 1 kwa kila mita 6 kina tofauti ya mita 5 kati ya juu na chini. Mwenye nyumba anasimama barabara ya juu anahesabu ghorofa tatu na kuapa; jirani wa chini anahesabu karibu tano, naye haongopi. Gangilonga na sehemu za Kihesa kule Iringa wana hadithi hiyohiyo, mji umekaa juu ya kilima.

Hapa busara ya ofisa inaishinda namba iliyoandikwa kivivu, lazima nikiri. Atafika, ataona mteremko, atasema hapana. Namba iliyoandikwa kwa akili inaweza kufanya kazi hiyohiyo: kimo kipimwe kutoka usawa wa ardhi ya asili ya jirani kwenye mpaka, kabla ya mtu kuchimba au kujaza kifusi. Gharama yake ni kwamba mpima lazima achukue vimo vya kiwanja, siyo bikoni peke yake, na picha za kabla ya kuchimba ziwekwe kwenye jalada. Mteja atalalamikia hela hiyo. Ukuta wa kuzuia udongo utakaoporomoka bila kupimiwa ni ghali zaidi, lakini mteja huwa hauoni siku anapolipia ramani.

Maji ya paa yanakwenda sambamba na mteremko, nayo nitayapitia upesi. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Kwa huku hiyo ni mvua ya jioni moja kati ya Novemba na Aprili. Kwa maneno: "Maji ya mvua yashughulikiwe ipasavyo." Kwa namba: gata pande zote za paa, na tenki lenye ujazo wa lita 50 kwa kila mita ya mraba ya paa au bomba hadi mfereji wa barabara, bila maji kuvuka mpaka. Hapo sioni hata sababu ya mjadala.

Namba zina tundu, na wajenzi wetu ni mahodari wa kulitafuta. Andika kwamba dirisha lisipungue asilimia 10 ya sakafu: chumba cha mita 3 kwa 3.5 kitapewa dirisha la mita moja kwa moja na ushee, kama ulivyotaka, likitazama ukuta wa jirani ulio sentimita 60 mbele. Kigezo kimetimia na chumba ni giza. Ndiyo maana vigezo vifungwe viwiliviwili: dirisha na umbali ulio mbele yake, kimo na pale kinapopimiwa, idadi ya vyumba na uwezo wa shimo la maji taka pamoja na mahali gari la kunyonya litakaposimama. Kinachoandikwa peke yake kitachezewa.

Na yapo mambo ambayo ningeyaacha nje ya vigezo hata kama yanapimika: rangi ya bati, aina ya nguzo, kama ukuta upigwe lipu au tofali la kuchoma libaki wazi. Tofali la kuchoma ni letu, linafaa baridi ya huku, na sijawahi kuelewa kwa nini baadhi ya watu hulitazama kama alama ya umaskini. Ladha si kazi ya sheria ndogo.

Njia ya tatu, ramani za mfano, inapendwa na wanasiasa kwa sababu inapigika picha. Ina faida ya kweli. Mwenye kipato kidogo haanzi na gharama ya mchoraji, ofisa hasomi upya, fundi akishajenga mbili anazijua kwa moyo. Mikoa yetu ina historia na fikra iliyo karibu na hiyo: mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ulifika Mbeya kwenye awamu ya kwanza na Iringa kwenye ya pili. Watu walipewa kiwanja kilichopimwa na huduma za msingi, wakajenga wenyewe kidogokidogo. Kwenye ardhi tambarare inayopimwa sasa pembeni ya miji, kama upande wa Uyole, ningeziunga mkono ramani za mfano kesho asubuhi, hasa za vyumba vya mstari na ghorofa moja.

Zinashindwa mlimani. Ramani iliyochorwa kwa kiwanja bapa ikipelekwa kwenye mteremko, fundi anakata kilima ili ardhi ifuate karatasi, ilhali karatasi ndiyo ingeifuata ardhi. Zinashindwa pia kwa jua, kwa kuwa ramani ileile ikigeuzwa ili mlango utazame barabara, vyumba vya kulala vinaweza kuangukia kusini vyote. Dawa ipo: kila ramani ya mfano iwe na matoleo manne, barabara ikiwa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na iandikwe wazi mteremko unaoruhusiwa. Zaidi ya hapo mwenye kiwanja arudi kwa mchoraji. Najua nasikika kama nalinda mkate wangu. Nalinda, lakini hesabu ya mteremko haibadiliki kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo, uchague nini? Inategemea umekaa upande gani wa meza. Kama ni mwenye kiwanja mwenye haraka, namba zinakufaa kuliko yeyote, hata zikiwa kali, kwa sababu unajua jibu kabla hujakopa. Kama ni jirani, dai namba za umbali na kimo, usihangaike na "mwonekano". Kwenye mwonekano utashindwa na mwenye hela. Mpangaji haitwi kwenye vikao hivi, kwa hiyo diwani wake ndiye angesemea madirisha, ngazi na vyoo. Mnunuzi wa apatimenti chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Majengo ya 2008 aangalie zaidi ya wote: ngazi nyembamba au paa lisilo na gata likishagawanywa kwa wamiliki nane, kulirekebisha kunahitaji wanane wakubaliane kuchanga.

Kwa diwani, mchanganyiko wangu ni huu. Vigezo vya namba viwe kwenye sheria ndogo kwa mitaa yote, vichache, vinavyogusa jirani na usalama wa mpangaji. Ramani za mfano ziende kwenye viwanja tambarare vipya. Busara ya kamati ibaki kwenye mitaa michache iliyochorewa mpaka kwenye ramani, ikiwa na siku za mwisho za kujibu na sababu za maandishi. Wala tusichanganye vigezo hivi na uimara wa jengo. Ghorofa 16 zilizoporomoka Dar es Salaam Machi 29, 2013 na kuua watu 36 hazikuwa na tatizo la madirisha. Nondo na zege ni kazi ya mhandisi na ukaguzi wa hatua kwa hatua, na hakuna mita za mpakani zitakazoziba nafasi hiyo, hasa hapa kwetu penye bonde la ufa.

Limebaki suala ambalo litaleta kelele kuliko yote: nyumba za zamani zinazopandishwa. Mwenye kibali cha sasa na msingi uliokaguliwa amalizie kwa masharti aliyoanza nayo. Ila anayeongeza ghorofa juu ya nyumba iliyosimama mita moja na nusu kutoka mpakani tangu miaka ya 1980 asiseme ukuta ulikuwepo. Sakafu za chini zibaki zilipo, na sakafu mpya ihesabiwe kwa kimo kipya. Kama jumla inafika mita 9, sakafu hiyo isimame mita 3 kutoka mpaka wa kusini, yaani irudi nyuma mita moja na nusu kuliko zilizo chini yake. Ukuta wake mpya hautakaa juu ya ukuta wa zamani, kwa hiyo bimu ya kuubeba ichorwe na mhandisi, na gharama yake iingie kwenye makadirio tangu siku ya kwanza.